Upepo Huvuta Paa Kwenda Juu: Tufunge Mapaa ya Makanisa, Shule na Zahanati Zetu

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za ujenzi za sharika. Tunaichapisha kwa ajili ya sharika ambazo hazikuweza kutuma wajumbe, na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Tunawashukuru ninyi wajumbe mliosafiri kutoka mbali, wengine kwa mabasi mawili na pikipiki juu yake, ili kuja kuzungumza habari ya paa. Tunajua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini ofisi ya miradi imewaita wazee wa kanisa kwa jambo ambalo ni la mafundi. Jibu letu ni fupi. Fundi hupigilia kile alicholetewa. Anayeamua kinunuliwe nini ni kamati, na anayekubali au kukataa bajeti ni mfadhili. Kwa hiyo kama paa litafungwa au halitafungwa, uamuzi huo hufanyika mezani kabla fundi hajapanda ngazi.

Kila mwaka mvua zinapokaribia kuanza tunapokea taarifa zinazofanana. Upepo umevuma jioni moja kwa dakika chache, na paa la darasa, la nyumba ya mwinjilisti au la zahanati limeezuliwa. Mabati yanaokotwa shambani kwa jirani. Madawati na vitabu vimelowa. Usharika uliochanga kwa miaka mingi unaanza tena kuchanga. Watu husema ni mapenzi ya Mungu. Upepo ni wa Mungu kweli, lakini kenchi iliyoshikwa kwa msumari mmoja ni kazi ya mikono yetu.

Upepo unafanya nini juu ya paa

Wengi wetu tukifikiria paa, tunafikiria uzito unaokwenda chini. Tunauliza: je, mbao zitabeba mabati? Je, ukuta utabeba mbao? Maswali hayo ni mazuri, lakini ni nusu ya habari. Upepo unapopita juu ya jengo, hunyonya paa kwenda juu.

Tafadhalini chukueni karatasi ya ratiba mliyopewa. Shikeni ukingo wake mfupi kwa mikono miwili, muuweke chini kidogo ya midomo, karatasi iliyobaki ikining'inia mbele yenu. Sasa pulizeni juu ya karatasi. Mnaona? Hamkupuliza chini yake, lakini inainuka. Paa la mabati hufanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi pembeni kwenye upenu, kwenye pembe nne za jengo na karibu na kofia ya paa, mahali ambapo upepo unalazimika kujipinda ghafla.

Hiyo ni nguvu ya kwanza. Nguvu ya pili hutoka ndani. Ikiwa mlango au dirisha la upande wa upepo liko wazi, hewa huingia, inajaa chumbani na kulisukuma paa kutoka chini, kama upepo unavyoingia chini ya mwavuli na kuugeuza. Paa linanyonywa kutoka juu na kusukumwa kutoka chini kwa wakati mmoja. Wako wanaoshauri kwamba upepo ukija tufungue madirisha ili upepo upite. Ushauri huo si salama. Fungeni milango na madirisha, hasa ya upande upepo unakotokea.

Jambo la tatu la kukumbuka ni kwamba nguvu ya upepo haikui sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Wa kilomita 100 kwa saa una karibu kilo 48. Wa kilomita 150 kwa saa unafika karibu kilo 108. Ndiyo maana paa lililostahimili miaka kumi ya upepo wa kawaida linaweza kuondoka jioni moja. Miaka ile kumi haikuwa uthibitisho kwamba limefungwa vizuri. Ilikuwa tu kwamba halijajaribiwa.

Hesabu ya darasa moja

Tufanye hesabu rahisi pamoja. Chukueni darasa ambalo paa lake, pamoja na upenu, lina mita 10 kwa 8. Hizo ni mita za mraba 80. Bati la geji 28 au 30 lina uzito wa kilo 3 hadi 4 tu kwa mita ya mraba. Tukiongeza papi na kenchi za mbao, tuseme paa zima ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Uzito wote wa paa ni kilo 1,200, yaani tani moja na robo hivi.

Sasa upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilivuta paa hilo kwa kilo 48 kwa kila mita ya mraba, unalivuta kwa kilo 3,840. Toeni uzito wa paa lenyewe, zinabaki kilo 2,640 zinazotafuta kulipeleka juu. Kama kuna kenchi 9, kila moja ikiwa na ncha mbili ukutani, tuna ncha 18. Kila ncha inavutwa juu kwa karibu kilo 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji. Upepo ukifika kilomita 150 kwa saa, kila ncha inavutwa kwa zaidi ya mifuko minane.

Kwa kanisa hali ni nzito zaidi. Kanisa lenye upana wa mita 15 na kenchi za chuma kila baada ya mita 3, kwa upepo uleule wa kilomita 100 na uzito uleule wa paa kwa mita, kila ncha inavutwa kwa nguvu ya karibu mifuko 15 ya saruji. Jengo likiwa pana na nguzo zikiwa chache, kila kiungo kinabeba zaidi.

Hesabu hii si mbadala wa mhandisi. Pembe za paa huvutwa zaidi ya katikati, na mlima au uwanda wazi hubadilisha mambo. Lakini inatosha kuwafanya wajumbe waulize swali moja kila wanapokagua jengo: mifuko hii mitatu ya saruji inayovuta kwenda juu, imeshikwa na nini?

Mnyororo wa viungo vitano

Paa hushikwa na mnyororo unaoanzia kwenye bati na kuishia kwenye msingi. Mnyororo hukatika kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine, hata kama vingine vyote ni imara.

Kiungo cha kwanza ni bati na papi. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Bati jembamba huchanika kuzunguka msumari. Tumieni skrubu za bati zenye washa ya mpira, au misumari ya bati yenye mwili uliosokotwa, ipigwe juu ya mgongo wa bati na si bondeni. Katikati ya paa, kila mgongo wa pili unatosha kwa mabati ya migongo midogo. Pembeni, kwenye upenu na kwenye kofia, pigeni kila mgongo.

Jambo hili lina historia. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974, Kimbunga Tracy kiliupiga mji wa Darwin kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla hakijaharibika. Nyumba nyingi za mji ziliharibiwa vibaya. Wahandisi walipochunguza waligundua kwamba mabati mengi hayakung'olewa kwa mvuto mmoja. Yalipandishwa na kushushwa na upepo mara nyingi mpaka yakapasuka kuzunguka skrubu, kama waya unavyokatika ukiukunja na kuukunjua. Bati lilipasuka, skrubu ikabaki kwenye mbao. Kutokana na msiba ule, Australia ilibadilisha taratibu zake za kufunga mapaa na namna ya kuyapima mabati kabla ya kuyakubali.

Kiungo cha pili ni papi na kenchi. Hapa ndipo tunapopata hasara nyingi zaidi. Tukienda kuokota mabati shambani, mara nyingi tunayakuta bado yamepigiliwa kwenye papi. Bati halikuachana na papi; papi iliachana na kenchi kwa sababu ilishikwa na msumari mmoja ulionyooka. Msumari unashikilia vizuri ukisukumwa kutoka ubavuni, lakini ukivutwa kwa urefu wake huchomoka kwa urahisi. Kila papi ifungwe kwenye kila kenchi kwa utepe wa chuma unaopita juu yake na kupigiliwa pande zote mbili, au kwa waya mnene usioshika kutu uliosokotwa vizuri.

Kiungo cha tatu ni kenchi yenyewe. Mbao zake zishikane kwa vipande vya mbao au vya chuma pande zote mbili, si kwa misumari ya kuegesha. Kumbukeni kwamba upepo ukivuta juu, mbao iliyozoea kuvutwa inaanza kusukumwa, na mbao nyembamba ikisukumwa hupinda. Kwa sababu hiyo kenchi zifungwe pamoja kwa mbao za mshazari, hasa kwenye ncha mbili za jengo. Mbao ziwe zimetiwa dawa. Mbao iliyoliwa na mchwa haina cha kushika msumari.

Kiungo cha nne ni kenchi na mkanda wa zege juu ya ukuta. Kabla zege la mkanda halijamwagwa, nondo au bolti ziwe zimekwisha kupangwa mahali kila kenchi itakapokaa. Zikiwa ni nondo, ziachwe ndefu kutosha kukunjwa juu ya mbao ya kenchi na kurudi upande wa pili. Kazi hii ni ya saa moja ikifanywa kabla ya zege. Baada ya zege kukauka ni kazi ya siku nzima na ya gharama.

Kiungo cha tano ni mkanda, ukuta na msingi. Kuna sharika zinazofunga kenchi kwa waya uliopitishwa chini ya mstari mmoja wa tofali. Mstari mmoja wa bloku za inchi 6 una uzito wa takriban kilo 70 kwa mita. Kenchi zikiwa kila mita 1.2, kila kenchi imeshika kilo 84 wakati inavutwa kwa kilo 150. Paa litaondoka pamoja na tofali zake, na tofali hizo zikidondoka ni hatari kuliko bati. Waya ushuke mistari kadhaa, au vizuri zaidi, pawe na mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka jengo zima, na nondo za kusimama kwenye pembe na kando ya milango zinazotoka kwenye msingi mpaka kwenye mkanda.

Je, tumwage zege juu?

Swali hili tumeulizwa na sharika tatu tofauti. Wameona mijini majengo ambayo paa lake ni zege lililomwagwa juu ya sahani za chuma zenye mikunjo, na wanasema: kama tatizo ni wepesi, kwa nini tusiweke uzito?

Hoja ina ukweli ndani yake. Zege la unene wa sentimita 10 lina uzito wa karibu kilo 240 kwa mita ya mraba. Hata upepo wa kilomita 150 kwa saa, wenye kilo 108, haulinyanyui kirahisi. Lakini kabla kamati haijapitisha azimio, ijue mambo manne.

Kwanza, sahani zile si mabati ya kuezekea. Ni chuma kinene zaidi, chenye mikunjo mirefu na alama za kushikana na zege. Kumwaga zege juu ya bati la geji 28 lililopigiliwa kwenye papi ni kuandaa maporomoko.

Pili, sahani hizo kabla ya zege ni nyepesi kama bati lolote. Upepo ukija usiku wa kabla ya kumwaga zege, zinaruka. Kwa hiyo huchomelewa au kupigwa skrubu kwenye mihimili mara tu zinapolazwa.

Tatu, zege si zote ni nzito. Huko Marekani mapaa mengi ya sahani za chuma hujazwa zege jepesi la kuzuia joto, ambalo uzito wake kwa mita ya mraba unaweza kuwa chini hata ya nguvu ya dhoruba. Ndiyo maana wahandisi wa huko hawaachi kukagua mvuto wa kwenda juu hata pale penye zege: sahani ichomelewe kwenye mihimili, mihimili ifungwe kwenye kuta, na tabaka la kuzuia maji lililo juu kabisa lishikwe, hasa kwenye kingo. Kwa maneno mengine, hata mwenye zege bado anahitaji mnyororo.

Nne, uzito unaotusaidia siku ya upepo hutudhuru siku ya tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu walikufa, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake ziliharibika. Paa la darasa letu la mita za mraba 80 likiwa la zege la sentimita 10 lina uzito wa tani zaidi ya 19, badala ya tani moja na robo. Tani hizo haziwezi kuwekwa juu ya kuta za tofali za kuchoma bila nguzo, mihimili na msingi vilivyopigiwa hesabu na mhandisi. Jengo la namna hiyo ni jema pale panapostahili, kwa mfano hospitali ya ghorofa. Kwa darasa la kijijini, mabati yaliyofungwa vizuri ni salama, ni nafuu, na fundi wetu anaweza kuyatengeneza.

Kwa nini sasa

Wengine wanasema vimbunga ni habari za nchi nyingine. Historia ya pwani yetu inakataa. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikaharibu majahazi na merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kingine kilifika Lindi. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia na pwani ya kusini. Kwa jirani zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, Kimbunga Kenneth kilitua Aprili 2019, na Kimbunga Chido Desemba 2024, baada ya kuezua mapaa kisiwani Mayotte siku moja kabla.

Kwa ndugu zetu wa bara, hatari si kimbunga cha baharini. Ni ule upepo mkali unaotangulia mvua ya radi, unaoshuka kutoka kwenye wingu na kusambaa ardhini. Hudumu dakika chache na hupita eneo dogo, kijiji kimoja kikapigwa na kingine kikabaki salama. Kwa sababu hiyo hakuna usharika unaoweza kusema, kwetu haupiti.

Kuna wakati mmoja ambao majengo yetu yako hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Washarika wamejitahidi, wamesimamisha boma. Mfadhili ameleta mabati, jengo limepauliwa, picha imepigwa. Kisha fedha zimekwisha. Jengo linakaa mwaka, miaka miwili, bila milango wala madirisha, mdomo wazi kuelekea upepo. Ni mwavuli uliosimikwa ardhini. Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, paa la madarasa mawili liliondoka katika hali hiyohiyo, siku ya Jumamosi, watoto wakiwa nyumbani. Tunamshukuru Mungu kwa siku ya Jumamosi, lakini hatuwezi kupanga ujenzi kwa kuitegemea.

Majengo yaliyopo

Si lazima kubomoa. Tunaomba kila kamati, kabla ya mvua zijazo, ipande juu ya kila jengo la usharika na kuangalia mambo yafuatayo:

1. Kuna misumari iliyoinuka, iliyoshika kutu, au bati lililopasuka kuizunguka?
2. Papi zimeshikwa na nini kwenye kenchi? Msumari peke yake hautoshi.
3. Kila ncha ya kenchi imefungwa kwenye mkanda wa zege? Ukiweka mkono usione nondo, bolti wala utepe, andika "haijafungwa".
4. Upenu una urefu gani? Ukizidi sentimita 60 bila nguzo wala kufungwa, upepo una mahali pa kushika.
5. Paa la baraza limeunganishwa na paa kubwa? Likiwa limeunganishwa, baraza likiondoka huondoka na nyumba. Ni afadhali litengwe.
6. Milango na madirisha vinafungika?

Kenchi isiyofungwa inaweza kufungwa hata sasa, kwa utepe wa chuma na bolti zinazopita kwenye mkanda. Anzeni na kenchi za ncha mbili za jengo na zile za pembeni, maana huko ndiko paa huanza kufunguka. Fedha zikipatikana endeleeni katikati. Kwenye sharika za pwani tumieni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi hula waya wa kawaida kwa muda mfupi.

Utaratibu na ombi letu

Ndugu wajumbe, mnafahamu kwamba ofisi haitoi tena fedha za dari, lipu na rangi kabla viungo vya paa havijakaguliwa na kupigwa picha. Tunajua utaratibu huu umeleta malalamiko. Mchungaji mmoja alituambia kwamba washarika wanaona ofisi inawachelewesha, na sikukuu ya kuzindua jengo imekaribia. Tunauelewa uchungu huo. Lakini dari ikishawekwa, hakuna mzee wa kanisa wala mfadhili atakayejua kama kenchi imefungwa, mpaka siku upepo utakapomwonyesha. Ukaguzi wenyewe ni wa nusu siku. Utaratibu utaendelea.

Kwa kamati tunaomba matatu. Mkataba na fundi utaje viungo kwa jina na idadi, na fundi alipwe kwa kazi hiyo. Fundi anayelipwa kwa idadi ya mabati peke yake hana sababu ya kutumia saa nzima kwenye papi moja. Huyo ni ndugu yetu naye ana watoto wa kulisha. Pili, milango na madirisha viingie kwenye bajeti ileile ya paa. Tatu, fedha zikiwa pungufu, punguzeni ukubwa wa jengo na si uimara wake. Tunajua ni vigumu kuwaambia wazazi kwamba yatajengwa madarasa mawili badala ya matatu. Lakini madarasa mawili yanayobaki ni mengi kuliko matatu yanayoondoka.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wa upendo, na tunaomba kwa unyenyekevu. Msikatae mstari wa bajeti unaosema utepe wa chuma, bolti na skrubu kwa kuuona ni mdogo au hauonekani. Ni sehemu ndogo ya gharama ya paa, lakini ndiyo inayolinda sehemu iliyobaki. Mnapotuomba taarifa, msituombe tu picha ya jengo lenye bati jipya linalong'aa na watoto waliopanga mstari mbele yake. Tuombeni picha ya ndani ya paa kabla ya dari, yenye mkono wa fundi ukionyesha kenchi ilivyofungwa. Mkiomba picha hiyo kila mara, kila usharika utajifunza kwamba hicho ndicho kinachohesabiwa.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke kizuizi pembeni mwa paa, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba yake. Tunaona hapo kwamba Mungu hakuliacha paa kuwa jambo la fundi peke yake. Alimdai mwenye nyumba. Majengo haya mwenye nyumba ni sisi: usharika uliochanga, kamati iliyonunua, ofisi iliyopitisha na mfadhili aliyetoa. Watoto wanaoketi chini ya mapaa haya hawakuulizwa geji wala msumari. Wametuamini tu.

Fomu za ukaguzi ziko mezani kwa Katibu. Kila usharika uchukue moja kwa kila jengo, na zirudishwe ofisini kwa mkono wa Mkuu wa Jimbo kabla mvua hazijaanza.